Kadi Moja, Basi Zima: Nilivyoikondesha EXE ya Clipper

Mwaka 1994, kwa miezi mitatu mfululizo, chama kimoja cha akiba na mikopo cha kule Kilimanjaro hakikuwa na nakala ya hesabu zake hata moja, na kila jioni kompyuta yao iliwaambia nakala ipo. Aliyeifundisha kompyuta ile kusema uongo ni mimi.

Programu yao niliiandika kwa Clipper, zana ya kutengenezea programu za hesabu na kumbukumbu, Dar es Salaam, kwenye chumba kimoja chenye feni na kompyuta mbili. Kwenye menyu ya kufunga siku kulikuwa na chaguo la kuhifadhi nakala. Ukilibonyeza, programu inaita PKZIP, programu nyingine ya kubana faili, kwa amri ya RUN, PKZIP inazibana faili zote za DBF, zile zenye hesabu, na kuziweka kwenye flopi, kisha skrini inafutwa na maneno yanatokea katikati kwa herufi kubwa: NAKALA IMEHIFADHIWA. Niliijaribu mara kumi kabla ya kuipeleka, na mara zote kumi ilifanya kazi.

Kisha programu ikaanza kukua. Mwezi huu wanataka riba ya aina mpya, mwezi ujao wanataka barua za kuwakumbusha wadaiwa, na mimi kila mara nawatumia flopi kwa kondakta wa basi. Siku moja EXE, lile faili la programu yenyewe, ikavuka mstari ambao sikujua kama upo. Tangu siku hiyo, RUN ilipoita PKZIP, DOS, mfumo endeshi wa kompyuta za wakati ule, ilijibu kwamba programu hiyo ni kubwa mno, haienei kwenye kumbukumbu iliyobaki. Jibu lenyewe lilikaa kwenye skrini kitambo cha kupepesa jicho. Halafu msimbo wangu ukalifuta na kutangaza kwamba mambo yote ni salama.

Diski ngumu ilikufa Juni, jioni moja umeme wa mgao uliporudi kwa kishindo. Mhasibu, mama wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwamkia, akanipigia simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Flopi zako nimezifungua zote saba kwenye kompyuta ya meneja. Zina hesabu za Machi.”

“Zote?”

“Zote. Na sasa hivi ni mwezi gani?”

Kilichotuokoa ni daftari lake. Alikuwa ameendelea kuandika kila muamala kwa kalamu, mwaka mzima baada ya kompyuta kuingia ofisini, kwa sababu hakuiamini. Sikuwa na la kumlaumu. Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, na kizazi chake kilifanya kazi miaka mingi chini ya marufuku hayo. Mashine iliyomfikia mezani akiwa tayari na mvi ilipaswa kwanza kumwonyesha adabu yake. Tukakaa siku nne, yeye anasoma, mimi naingiza.

Usiku, kwenye nyumba ya wageni, sikuwa nawaza PKZIP. PKZIP ilikuwa ileile. Nilikuwa nawaza programu ya mikopo ya wanachama mia nne inakuwaje na EXE ya KB 468. Niliandika nini kikubwa hivyo?

Ilinichukua wiki kadhaa kujua kwamba sikuandika kikubwa. Nilialika.

Kwa ambao hawakuwahi kuiona, Clipper ilikuwa kompaila, yaani kigeuzi cha msimbo kuwa programu inayotembea, ya dBASE, lugha ya kuandikia hifadhidata. Kampuni ya Nantucket ilianzishwa Marekani mwaka 1984 na Barry ReBell na Brian Russell, na toleo la kwanza likaingia sokoni mwaka 1985. Programu uliyoiandika kwa dBASE III haikutembea mpaka dBASE III yenyewe iwemo kwenye mashine, na ofisi ndogo isingenunua dBASE kwa ajili ya daftari la mikopo tu. Clipper ilikupa EXE inayojitegemea. Unaitia kwenye flopi, unaipeleka uendako, inatembea.

Nililotumia mimi ni toleo la Summer '87, ambalo pamoja na jina lake la kiangazi lilitoka Desemba. Matoleo ya 5 yalikuwepo tangu 1990, na mwaka 1992 Computer Associates waliinunua Nantucket nzima, lakini wengi wetu tuliing'ang'ania Summer '87 kwa kuwa ilikuwa nyepesi.

Nyepesi, kwa kulinganisha. Andika programu ya mstari mmoja inayosema “Habari” na kuondoka, ikompaili, ilinki, utapata EXE inayozidi KB 100. Mtu aliyetoka kwenye Turbo Pascal, kompaila nyingine ya wakati ule iliyotoa EXE ndogo, alidhani amekosea mahali. Hajakosea. Clipper haikugeuza msimbo wako kuwa lugha ya prosesa, ingawa hata sisi tulioitumia kila siku tuliamini hivyo. Iliugeuza kuwa msimbo wa kati, maagizo mafupi mafupi ambayo prosesa haiyaelewi, kisha ikafungasha ndani ya EXE mkalimani wa kuyatafsiri. Mkalimani huyo alikuja na msimamizi wa kumbukumbu, mchora skrini, msoma kibodi, injini ya kufungua DBF na faharasa za NTX, na juu ya hayo kompaila nyingine ndogo kwa ajili ya makro. Ile alama ya &, inayokuruhusu kuweka jina kwenye kigeu (nafasi yenye jina ya kushika thamani) cha maandishi na kulifanyia kazi wakati programu inatembea, ilimlazimu kubeba jiko zima mgongoni, maana hajui njiani ataombwa kupika nini.

Uzito huo haukuwa na dawa. Kwa hiyo KB mia na kitu za kwanza nilizisamehe. Zikabaki zaidi ya mia tatu.

Linka, programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa kuwa EXE moja, iliyokuja na Summer '87 ni PLINK86 ya Phoenix. Ukiiomba, inakuandikia faili la maandishi linaloitwa ramani: kila moduli iliyoingia kwenye EXE, imekaa wapi, ina baiti ngapi. Nilikuwa nimeitumia PLINK86 miaka miwili bila kuiomba ramani hata siku moja. Gari lilikuwa linatembea, nani afungue boneti? Sasa niliichapa ramani kwenye karatasi za printa zenye matundu pembeni, nikaitandaza sakafuni, nikapiga mstari mwekundu chini ya kila jina nisilolijua. Yalikuwa mengi kuliko niliyoyajua.

Linka inaanza na faili zako za OBJ, yaani msimbo wako ukishakompailiwa. Inaorodhesha majina yote yanayoitwa humo ambayo bado haijui yanakaa wapi, halafu inaingia kwenye maktaba kuyatafuta. Ikilipata jina, haichomoi funksheni hiyo (kile kipande cha msimbo chenye jina hilo) peke yake. Maktaba ni furushi la OBJ nyingi, na linka inabeba OBJ nzima yenye jina hilo. OBJ hiyo nayo ina majina inayoyaita, nayo yanaingia kwenye orodha, na linka inarudi maktaba. Inakwenda hivyo mpaka orodha iishe.

Umewahi kuwa kwenye kamati ya harusi? Umempa kadi shangazi mmoja wa Tanga, na juu ya kadi umeandika kabisa kwamba ni ya mtu mmoja. Shangazi hasafiri peke yake. Anakuja na mjukuu wa kumshika mkono kwenye ngazi, mjukuu anakuja na rafiki, rafiki ana gari lakini gari lina dereva. Saa mbili usiku basi zima limeegesha mbele ya ukumbi na mpishi wa pilau anakutazama wewe. Dereva hukumwalika, ni kweli. Lakini ukimfuata nyuma mtu mmoja mmoja, utaishia kwenye kadi uliyoandika kwa mkono wako.

Kwenye ramani yangu, shangazi aliitwa KIASI.

KIASI ilikuwa funksheni niliyojivunia. Unaipa tarakimu, inakurudishia maneno, kwa ajili ya hundi na stakabadhi: 2,350 inatoka elfu mbili mia tatu na hamsini. Kuiandika kwa Kiswahili kuna raha yake. (Mhasibu na mimi tulibishana wiki nzima kuhusu 100,000. Mimi niliandika elfu mia moja. Yeye alisema hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema elfu mia moja wakati laki ipo. Alishinda.) Ilikuwa na mistari kama sabini, na OBJ yake peke yake isingefika KB 2.

Kasoro ilikuwa makazi yake. Ilikaa ndani ya UTIL.PRG, faili la msimbo nililokuwa nikilitupia kila kitu kizuri nilichowahi kuandika au kunakili: grafu za nguzo, kupiga simu kwa modemu, kalenda ya kuibuka juu ya skrini, kugeuza tarehe kuwa za Kiislamu, hata kuipiga beti ya kwanza ya wimbo wa taifa kwa kile kispika cha ndani ya kompyuta. PRG moja inazaa OBJ moja. Nilipoita KIASI, linka ikabeba UTIL yote. Grafu zilizokuwa ndani ya UTIL zikaita maktaba ya michoro niliyopewa na rafiki. Modemu ikaita maktaba ya mawasiliano. Maktaba ya mawasiliano ikaita mambo yake ambayo hata leo siyajui. Chama kisicho na modemu, chenye printa moja ya sindano inayokwaruza kama kuku, kilikuwa kinawalisha wageni hao wote kila asubuhi mashine inapowashwa.

Niliipasua UTIL vipande tisini na tatu. Kila funksheni PRG yake, kila PRG OBJ yake, kisha zote nikazifungasha kuwa maktaba moja kwa kifaa kinachoitwa LIB. Ilikuwa kazi ya siku mbili isiyohitaji akili, ya kukata na kubandika tu. Nikalinki upya. Ndani ya funksheni hakukuwa na mstari hata mmoja uliobadilika, na EXE ilishuka kutoka KB 468 hadi KB 351.

Nilicheka peke yangu mle chumbani, feni ikinipepea karatasi za ramani.

Ushauri huo, lakini, unagombana na ushauri mwingine ambao nao ni wa kweli. Kila OBJ ya Clipper inabeba orodha yake ya majina, ya vigeu na ya funksheni, pamoja na maneno yasiyobadilika uliyoyaandika ndani ya msimbo. Ukiwa na PRG ishirini zinazotaja kigeu kilekile cha mwanachama, jina hilo limeandikwa mara ishirini ndani ya EXE. Dawa yake ni faili la CLP: unaorodhesha PRG kadhaa, kompaila inazitoa zote kama OBJ moja yenye orodha moja ya majina. Sasa nipasue au niunganishe? Nilichoamua, na bado naona kilikuwa sahihi, ni kuziunganisha zile skrini kuu ambazo lazima zote ziwemo vyovyote iwavyo, na kuvipasua vifaa ambavyo kila mteja anahitaji vichache tu. CLP ilinipa KB 14 nyingine. KB 337.

Baada ya hapo nikashikwa na uroho. Ukikompaili bila kusema lolote, Clipper inaweka namba ya mstari kwa kila mstari wenye agizo, baiti 3 kwa mstari, ili programu ikianguka iweze kusema imeangukia wapi. Swichi ya -l inaziondoa. Programu yangu ilikuwa na mistari kama 18,000 ya maagizo, yaani baiti 54,000, KB 53 hivi, kwa ajili ya namba ambazo siku njema hakuna anayezisoma. Nikaziondoa. KB 284! Nikatuma flopi kwa kondakta nikiwa na kifua mbele.

Siku njema zikadumu wiki mbili. Simu ikalia kutoka Kilimanjaro, programu imeanguka kwenye ripoti.

“Imeandika mstari wa ngapi, mama?”

“Sifuri.”

“Hapana mama, angalia pembeni ya jina la ripoti.”

“Mwanangu, nimevaa miwani. Ni sifuri.”

Ilikuwa sifuri kweli. Mimi ndiye niliyeziua namba. Nilisafiri usiku kwenda kutafuta kwa macho kitu ambacho namba moja ingenionyesha kwa simu ya dakika moja. Tangu hapo -l naiweka kwenye moduli kongwe tu, zile zilizokwisha kufanya kazi miaka bila kulalamika, na msimbo mpya unabaki na namba zake. Nilirudishia KB 23 na sikujuta. Ikakaa KB 307.

Na chanzo cha anguko lenyewe kilikuwa upasuaji wangu wa UTIL. Ripoti ya wadaiwa ilitumia faili la FRM, ambalo ndani yake kuna maelezo ya kila safu ya ripoti, na safu moja iliita funksheni yangu SIKU, inayohesabu siku tangu deni liive. FRM inasomwa programu ikishaanza kutembea. Linka haiioni. Hakuna mahali pengine kwenye msimbo wote SIKU ilipotajwa, kwa hiyo linka, kwa haki kabisa, iliiacha maktaba. Zamani ilikuwa inafanya kazi kwa sababu SIKU iliingia na UTIL, kama mtoto wa jirani aliyepanda lile basi la harusi bila kuulizwa. Makro zina tatizo hilohilo: jina lililofichwa ndani ya maandishi, linka haina namna ya kulijua.

Suluhisho ni tamko la EXTERNAL juu ya programu: EXTERNAL SIKU. Ni kadi ya mwaliko bila kuita. Nimewaona watu walioumwa mara moja na jambo hili wakaanza kutangaza EXTERNAL kwa kila funksheni wanayoikumbuka, na kwenye matoleo ya 5 kulikuwa hata na faili la EXTERNAL.CH ambalo ukiliingiza linaita funksheni zote za Clipper kwa mkupuo. Halafu walewale wanauliza mbona EXE imenenepa.

Nimekuwa nikisema “ukubwa” kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna ukubwa wa faili kwenye diski na kuna ukubwa wa programu ikiwa ndani ya kumbukumbu, na wengi tulivichanganya. DOS iliipa programu KB 640 kwa jumla, deni la muundo wa IBM PC wa mwaka 1981, na hizo ni kabla ya DOS yenyewe na madereva ya mtandao kuchukua chao. Kwenye mashine ya chama zilibaki kama KB 560. EXE ya KB 468 ikikaa humo, zinabaki KB 92 za vigeu, za faharasa, na za yeyote atakayeitwa kwa RUN. Ndiyo PKZIP ikakosa pa kukaa. Kabla ya yote nilikuwa nimejaribu kucheza na SET CLIPPER, kile kigeu cha mazingira ambamo herufi R inaitengea RUN kumbukumbu na herufi V inavitengea vigeu. Ilikuwa shuka fupi, ukifunika kichwa miguu iko nje.

Kwa ukubwa wa kwenye kumbukumbu kulikuwa na overlei. Wazo lake ni la zamani kuliko PC: sehemu za programu ambazo hazihitajiani kwa wakati mmoja zinapokezana nafasi moja ya kumbukumbu, na isiyo zamu yake inasubiri kwenye diski. Kwa PLINK86 unaandika hivi:

BEGINAREA
SECTION FILE RIPOTI
SECTION FILE MIKOPO
ENDAREA

RIPOTI na MIKOPO sasa wanalala kitanda kimoja kwa zamu. EXE kwenye diski haipungui hata kidogo, lakini kwenye kumbukumbu unalipia ile iliyo kubwa kati ya mbili tu. Nilifurahi, nikapanga nyumba nzima kwa zamu, na ripoti ya mwezi iliyochukua dakika mbili ikaanza kuchukua karibu nusu saa. Taa ya diski ngumu haikuzimika. Mhasibu aliniambia mashine inasaga mahindi.

Kuielewa ilinibidi nifuate ripoti mwanachama mmoja mmoja kwa kidole. RIPOTI inasoma mwanachama wa kwanza, inahitaji riba yake, inaita funksheni ya RIBA. RIBA inakaa MIKOPO. RIPOTI inatolewa kitandani, MIKOPO inapakiwa kutoka diski, inakokotoa, inajibu. Jibu linarudi kwa RIPOTI, ambayo haipo tena, kwa hiyo MIKOPO inatolewa na RIPOTI inapakiwa upya. Mwanachama wa pili, vivyo hivyo. Wanachama mia nne, mikopo miwili mitatu kila mmoja, safari mbili za diski kwa kila mkopo. Niliitoa RIBA nikaiweka kwenye shina, ile sehemu ya programu isiyohama, na dakika mbili zikarudi. Kuligawa jambo kwa overlei ni kujua nani anaongea na nani mara ngapi, na hilo ramani haikuonyeshi. Unalijua kwa kuwa ndiwe uliyeandika.

Kwa njia hiyo nilishusha mahitaji ya kumbukumbu hadi KB 240 na ushei, na PKZIP ikapata nafasi ya kukunjua miguu. Pembeni ya menyu kuu nikaweka MEMORY(0), inayoonyesha kumbukumbu iliyobaki, ili nikipigiwa simu niulize namba hiyo kwanza. Karani mmoja aliidhani ni idadi ya wanachama waliolipa siku hiyo na akaiandika kwenye ripoti ya wiki.

Rafiki yangu mmoja aliona nahangaika bure wakati kuna LZEXE, kifaa alichokiandika Fabrice Bellard kati ya 1989 na 1990, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari Ufaransa (ni huyuhuyu aliyekuja kuanzisha programu maarufu za FFmpeg na QEMU). Kinaibana EXE ikawa ndogo ajabu kwenye diski. Lakini ikianza kutembea inajikunjua na kurudi unene wake wote, na overlei zilizoshonwa ndani ya EXE haielewani nazo. Kwa anayehangaika na nafasi ya flopi ni dawa. Ugonjwa wangu ulikuwa mwingine.

Mwaka uliofuata nilipata Blinker, linka nyingine, na nusu ya ujuzi nilioukusanya kwa jasho ukawa wa makumbusho. Blinker ilipanga overlei zenyewe, funksheni kwa funksheni, bila mimi kuchora vitanda. Ilikuwa na tabia moja ya kunenepesha: kwa kawaida ilikuwa tayari kulinki kwa nyongeza, yaani iliacha nafasi tupu tupu ndani ya EXE ili ukibadilisha kidogo isianze upya. Nzuri wakati wa kuandika, lakini unaposafirisha unaandika BLINKER INCREMENTAL OFF na mapengo yanaondoka. Ilikuwa pia na SWPRUNCMD, inayoitoa programu yako karibu yote kwenye kumbukumbu, inampisha mgeni, na inairudisha akimaliza. Ningekuwa nayo Machi 1994, hata EXE ya KB 468 isingeizuia PKZIP.

Isingenitibu kutangaza ushindi bila kuangalia, lakini. Hilo nililirekebisha kwa mistari sita: baada ya RUN, programu inasoma orodha ya flopi kwa ADIR, inatazama tarehe na saa ya faili la ZIP, na kama si ya leo inapiga kelele na kukataa kufunga siku. Mistari sita hiyo ilipaswa kuwepo tangu mwanzo, kabla ya ramani, kabla ya overlei. Mhasibu aliiona ikifanya kazi, akasema vizuri, na akaendelea na daftari lake mpaka alipostaafu. Sikumwambia aache.

Programu ile bado ipo, ukiniruhusu kuiita ileile. Windows za biti 64 hazitembezi EXE za DOS, kwa hiyo niliihamishia Harbour, mradi huru ulioanza mwaka 1999 kuirithi Clipper, na msimbo mwingi ulikompailika bila kuguswa. KIASI inasema laki. Kumbukumbu si tatizo tena. Tatizo ni bando la mteja, maana toleo jipya analipakua kwa simu. Nikijenga kwa hbmk2, kifaa cha Harbour cha kukompaili na kulinki, naomba ramani kwa -map, kama mtu anayeangalia viatu kabla ya kuvaa, naweka -strip kuondoa majina yasiyo na kazi, na hapo natosheka. Kubana EXE kwa UPX, kifaa cha aina ya LZEXE, nilijaribu mara moja, nikashinda siku nzima nikimweleza mteja kwamba antivirasi yake imeniona mwizi bure.

Mwezi uliopita nilimtumia kijana anayesimamia kompyuta za chama kingine toleo jipya, megabaiti mbili na kidogo. Alizoea programu za megabaiti mia mbili. Baada ya dakika tano akaniandikia: “Mzee, shikamoo. Nimepokea, lakini mbona kadogo hivi? Una uhakika umetuma yote?”